Keki Nyepesi na Sahani Iliyorudi Tupu

Jumamosi, alasiri. Asubuhi mvua imenyesha, sasa jua limewaka na nguo zote zimekauka kambani.

Shajara yangu, leo natimiza siku arobaini na moja tangu niolewe, na bado nikilitaja jina la Salim natabasamu peke yangu jikoni. Hata nikikuna nazi natabasamu.

Lakini leo si habari za Salim. Ni habari za mamake, mavyaa wangu wa Ndia Kuu.

Siku ya harusi nilimwona kwa pembe ya jicho akimega keki ya matunda, akaionja, akaifunika kwa karatasi. Akamnong'oneza dadake, "Tamu, lakini yanikaa kifuani kama jiwe." Bibi harusi nilikuwa nimeinamisha macho kama nilivyofunzwa. Masikio je, huinamishwa vipi?

Nikajiapiza kumwokea keki ya matunda isiyomkaa kifuani. Nilitaka kwa roho yangu yote anione mwanawe, si mgeni aliyemchukulia mtoto.

Jumatano nilijaribu. Nilipunguza siagi nusu, nikatia maziwa mala, yale yaliyoganda, na sukari kidogo tu kwa kuwa tende na zabibu zina utamu wake. Matunda yote yakazama chini. Salim wangu alikula vipande vitatu, akasema, "Habibti, juu mkate, chini halua. Nani mwingine Ganjoni nzima amepikiwa hivi?"

Nilicheka. Kisha nikajifungia chooni nikalia kidogo.

Leo nimekata tende ndogo ndogo, nikaziloweka na zabibu katika maji ya machungwa, nikazichuja na kuzipaka unga mkavu zisizame. Ute wa mayai nimeupiga kando mpaka mkono ukafa ganzi. Sufuria nikaiweka pale varanda, mkaa chini, mkaa juu ya kifuniko, nami pembeni nikiomba dua.

Nilipofunua, ilikuwa imeumuka! Nyepesi kama sifongo, tende zimetawanyika kila mahali. Nikaiweka yote kwenye sahani yangu nzuri, ile ya maua ya buluu tuliyopewa zawadi, Salim akaipeleka.

Saa tisa akarudi na sahani.

Tupu. Imeoshwa, inang'aa.

Mie nimekulia Voi, lakini somo hilo nilishalipata. Wiki yangu ya kwanza hapa nilimrudishia jirani sahani yake ya mahamri bila kitu, Salim akashika kichwa kwa aibu. Huku sahani ya watu hairudi tupu, hata kama ni ndimu mbili utatia. Sasa mavyaa ananirudishia yangu tupu? Nilimuuliza Salim, akainua mabega tu. "Mama amesema nikupe hivyo hivyo."

Nikaketi sakafuni na kanga yangu yenye unga. Nikajiambia, basi, keki imemkaa kifuani. Na mimi pia nimemkaa.

Nikampigia simu. "Shikamoo mama. Nimekukosea nini?"

"Marahaba. Kunikosea? Kwani vipi?"

"Sahani, mama. Imerudi tupu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Ewe mtoto wewe! Sahani ya jirani ndiyo hurudi na kitu. Wewe u jirani yangu? Mwana akimpikia mamake hungoja alipwe? Hao wanangu wote sijapata kuwatilia hata ndimu."

Nikainuka pale sakafuni, simu sikioni.

"Na keki nimeila, haikunikaa popote. Dadangu nimempa kipande kimoja, tena chembamba. Jumamosi ijayo njoo uoke hapa kwangu, nikuone unavyofanya. Uje na huyo mumeo atuwashie mkaa."

Salim alikuwa mlangoni akisikiliza, anacheka, mjanja yule! Alijua tangu mwanzo. Nimemrushia kitambaa cha jikoni, kisha nimemkumbatia.

Kesho nitanunua zabibu mapema, nisije nikakosa. Sahani sijairudisha kabatini. Nimeiacha mezani vile vile, tupu, kila nikipita niitazame.