Moshi wa Namba Tatu

Nansio,
9 Februari 2025

Mwanangu Kokulinda,

Kwa heshima na taadhima, naujulisha ukoo mzima, walio karibu na walio mbali, kwamba jogoo wangu amehamia kwa jirani Chenge kwa hiari yake, bila kushawishiwa na mtu. Hafla ya kumuaga haikufanyika.

Baada ya tangazo hilo, hujambo? Mimi mzima, isipokuwa masikio, ambayo yalistaafu kabla yangu. Ndiyo maana nakuandikia. Simu ni ya watu wanaosikia. Barua hii anakuletea Masalu wa kwenye meli. Ndiye aliyeniambia umepata kazi kwenye kituo kile kile cha umeme nilichozeekea mimi, na kwamba kazi yenyewe ni kuandika moshi. Nilimwomba arudie, nikamtazama midomo. Alisema moshi.

Sisi tulikuwa tunautoa tu. Hatukujua una karani.

Niambie, mashine yangu, Namba Tatu, bado ipo?

Baba yako

*

Igogo, Mwanza,
23 Februari 2025

Shikamoo baba,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi sijambo. Pole kwa msiba wa jogoo aliye hai.

Masalu hakukosea. Kila mwaka kituo kinatakiwa kupeleka taarifa ya gesi zinazoongeza joto duniani: mafuta gani yameungua, kiasi gani, na moshi wake una uzito gani. Ndiyo, moshi una uzito, usicheke.

Namba Tatu ipo kule nyuma, na rangi yake ya kijani. Tunaiita mashine ya akiba. Umeme wa gridi ya taifa ukitosha haiguswi, na mwaka huu haijaguswa, kwa hiyo nimeiandikia sifuri. Bosi wangu, Nathaniel, anaipenda sana hiyo sifuri. Wageni wakija anawaonyesha. Mwaka wetu wa hesabu ukiisha mwezi wa sita, mashine itaondolewa kwenye orodha na kukatwa chuma chakavu.

Binti yako,
Koku

*

Nansio,
2 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila barua yako nimeisoma nimesimama.

Sifuri? Mashine ile iliwasha mji siku ambazo gridi ilikuwa jina tu. Nani aliuandika moshi wake? Mama yako peke yake. Evelina alikuwa anaanika mashuka meupe hapo Igogo, na jioni akiyaanua anayakagua kama mwalimu anavyokagua kucha. Vidoa vidogo, tuko salama. Vikiwa vikubwa, vya mafuta, anafika getini na shuka mkononi: "Mwambieni mume wangu Namba Tatu inakula vibaya leo." Tulicheka sana. Baadaye hata Machibya, mwenzangu wa zamu, akawa akiingia kazini anauliza kwanza mashuka yanasemaje.

Tangu tumzike mama yako, hakuna mtu aliyenitajia moshi ule mpaka wewe.

Nina ombi. Iwasheni mara moja kabla hamjaikata, nije nisimame pale. Na wewe uuandike. Isiondoke duniani na sifuri kama mtoto aliyetoroka mtihani.

Baba yako

*

Igogo,
11 Mei 2025

Shikamoo baba,

Habari za afya yako? Nisamehe kwa kimya changu. Ombi lako nililipeleka kwa Nathaniel bila kusema ni la nani, akakataa. "Koku," akaniambia, "ukiwasha unaandika, na ukiandika sifuri imekufa." Basi nikanyamaza. Nikawa najiambia ni chuma tu.

Juzi nilianika mashuka yangu nyuma ya nyumba. Jioni nayaanua, nikajikuta nayakagua. Meupe kabisa, baba, bila hata nukta. Nilipaswa kufurahi, ndiyo kazi yangu. Nilikosa raha mpaka chakula kikanishinda.

Kesho yake nikamwambia bosi kwamba mashine ya akiba isiyojaribiwa si akiba, na mimi nimeiita akiba na kuweka sahihi yangu. Ama tuijaribu, ama nifute sahihi. Akasema kama nimeamua kumharibia, niharibu kwa jina langu, na makao makuu wakiuliza nijibu mwenyewe. Na mkataba wangu wa kazi unaisha Juni.

Tunaiwasha Alhamisi ya tarehe 29, asubuhi. Njoo na mzee Machibya.

Binti yako,
Koku

*

Nansio,
1 Juni 2025

Mwanangu,

Marahaba. Nimefika salama. Machibya, nasikia, hajavua ile ovaroli aliyokuja nayo kituoni, na mkewe ameanza kutafuta wazee wa kusuluhisha.

Vijana wenu walishangaa nilipovua viatu. Mashine zile tulizisikiliza kwa nyayo. Kelele inamdanganya mtu. Sakafu haina unafiki. Namba Tatu ilipokohoa nilidhani imekataa. Mara ikapanda visiginoni, ikafika magotini, nikawa kijana wa zamu, na mama yako yuko ng'ambo ya ukuta na beseni lake. Machibya alitazama juu ya bomba la moshi, akasema kitu. Nilimsoma midomoni: "Evelina angetufokea." Kweli, moshi ulikuwa mweusi wa aibu.

Nilikuona unaandika. Umeandika ngapi? Na mkataba je, nimekuponza? Usinifiche kwa sababu ya uzee.

Baba yako

*

Igogo,
13 Julai 2025

Shikamoo baba,

Natumaini u mzima, na Masalu amekufikishia ile sukari.

Mkataba wameniongezea. Taarifa ilipokelewa na hakuna aliyeuliza neno. Nathaniel ananisalimia kama zamani. Namba Tatu walianza kuikata Jumatatu. Nilikwenda kutazama, nikarudi ofisini.

Umeuliza nimeandika ngapi. Niliandika moshi wote wa asubuhi ile, pamoja na ule wa kukohoa. Lakini taarifa inahesabu tani kwa maelfu, na kisichofika hapo kompyuta inakiacha yenyewe. Kwenye mstari wa Namba Tatu imetoka sifuri.

Binti yako,
Koku