Mke wa Jitu Alisema Nini Mlangoni?

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali usinicheke mpaka ufike mwisho, kwa sababu mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nashona mapazia, nina mume na nyumba yangu, na kinachoninyima raha ni filamu za katuni.

Ziko tatu, za vichekesho, za yale mambo ya hapo zamani za kale ila yamegeuzwa juu chini: jitu lenyewe ni fupi kuliko watu, lina mke mrefu na binti mmoja, na kuku anayetaga mayai ya dhahabu amegoma kazi. Baba yangu, fundi wa friji, alizileta nyumbani kwenye kanda za video nilipokuwa na miaka minane, na kwa kuwa zilikuwa za lugha ya kigeni yeye ndiye aliyenitafsiria, anakaa kwenye kigoda karibu na deki, sauti ya televisheni ameipunguza, anaigiza jitu, anaigiza kuku, mimi nacheka mpaka mbavu zinauma, na nikimuuliza lugha hiyo kaijulia wapi ananiambia kwenye vitabu vya maelekezo ya friji, nami naamini.

Mwezi uliopita baba alifanyiwa upasuaji wa macho, tukamhamishia kwetu, chumba cha nyuma, na katika kupanga vitu vyake nikaikuta deki na zile kanda. Sasa mume wangu ni mwalimu wa lugha hiyohiyo. Jumamosi asubuhi wifi alimpeleka baba kliniki, tukaweka ya kwanza, nikawa namtangulia mume wangu kila neno maana naijua yote kichwani, kumbe mwenzangu ananitazama tu.

"Kuku kasema nini?" akaniuliza.

"Kasema hatagi tena mpaka apewe likizo ya uzazi."

Akacheka hadi akapaliwa. "Mke wangu, kuku kasema habari za asubuhi."

Mshauri, hakuna hata sentensi moja iliyokuwa ya kweli! Nikashikwa na udadisi, nikanunua daftari, upande wa kushoto naandika kinachosemwa kwenye filamu, upande wa kulia alichokuwa akisema baba, tunasimamisha, tunarudisha nyuma, tunabishana, mapazia ya watu yamelala mezani, na nikwambie ukweli, filamu yenyewe si lolote, kuku anaongea sana na hachekeshi, nyimbo haziishi, halafu kuna mwana wa mfalme anayekuja kumwokoa mtu ambaye hakuomba kuokolewa na inachukua dakika kumi nzima. Kwa baba kila wimbo ulikuwa ugomvi wa nani aoshe vyombo. Yake ilikuwa bora mara kumi, na nilimwonea fahari.

Tukaweka ya pili. Humo mke wa jitu anavaa viatu vya kuvuka mlima kwa hatua moja, anasimama mlangoni, anasema jambo, anaondoka. Kwa baba, mke wa jitu alisema, "Naenda kukutafutia kimo, nikikipata nitarudi," na mimi utotoni nilikuwa napiga makofi hapo. Mume wangu akasimamisha kanda. Nikamwambia tafsiri basi. Akasema, "Anasema, 'Tatizo si ufupi wako. Nimechoka kuinama.'"

Mama yangu aliondoka mwaka uleule kanda hizo zilipoingia nyumbani, na baba aliniambia amekwenda kutafuta kazi mbali, akiipata atarudi.

Kanda ya tatu sikuwahi kuiona, baba alisema deki imeitafuna, lakini nimeikuta nzima, utepe wake hauna hata mkunjo. Tukaiweka. Mke wa jitu anarudi, anabisha hodi, jitu linachungulia dirishani, linaona ni nani, linajificha chini ya meza na kumziba kuku mdomo, siku tatu anabisha, na mwishowe anayefungua ni binti. Kama filamu ndiyo nzuri kuliko zote na nimeirudia mara tano. Maneno baba hakuyaelewa, lakini picha hazihitaji mkalimani. Na sasa nakumbuka kwamba mwaka uliofuata tulihama nyumba kwa haraka, sufuria bado zina maji, hatukuaga hata jirani.

Mume wangu anasema, "Mzee wa watu kakulea peke yake, unamfukua wa nini?" Na baba, ambaye sasa anaona vizuri, kaziona kanda mbili mezani (ya tatu nimeificha kwenye kapu la vitambaa), kafurahi kweli, anataka Jumapili tukae atutafsirie. Mshauri, nimwache atafsiri nicheke kama zamani, au nimwambie tunajua? Ni halali kumshuku baba kwa sababu ya katuni? Mimi nataka tu kujua kama kuna mtu aliyewahi kubisha hodi kwetu.

Mshona Mapazia

Mshona Mapazia,

Pole sana. Na kuku wako wa likizo ya uzazi amenichekesha peke yangu ofisini hadi mhariri akaja kuuliza kulikoni.

Sasa tusemezane. Baba yako alikuwa mwanamume aliyeachiwa mtoto wa miaka minane, anatoka kazini mikono imejaa mikwaruzo ya mabati, anakaa kwenye kigoda na kujifanya kuku ili mwanawe asilie. Mheshimu kwa hilo mpaka mwisho. Lakini heshima isikufumbe macho. Kukuchekesha ni jambo moja, kukuficha kanda ya tatu ni jambo jingine kabisa. Lile la kwanza alikufanyia wewe, na hili la pili huenda alijifanyia mwenyewe.

Nimesema huenda. Watu huhama kwa haraka kwa sababu chungu nzima, na katuni si ushahidi. Ndiyo maana nakuuliza: hiyo mara ya tano ulikuwa unatafuta nini? Ulidhani jitu litatoka chini ya meza likujibu? Mwenye jibu yuko chumba cha nyuma, unampelekea chai kila asubuhi, halafu unarudi sebuleni na rimoti. Mtu mzima mwenzangu, acha kujitia hamnazo.

Mume wako ana nia njema, ila hili si lake. Kazi yake ilikuwa kutafsiri na ameifanya vizuri. Jumapili jioni akamtembelee dada yake.

Wewe kaa na baba, mwache atafsiri ya kwanza na ya pili. Usimsahihishe hata neno, na akikuchekesha cheka, maana umekiri mwenyewe kwamba yake ni bora. Mkifika pale mlangoni msikilize kwa makini, kwani baada ya miaka yote hii huenda akabadilisha maneno. Kisha zima televisheni. Daftari lisitoke, asije akajiona yuko mahakamani. Wala usimwekee kanda ya tatu ili umnase. Huyo ni baba yako, si panya.

Muulize kwa mdomo wako, mara moja, halafu nyamaza. Atakohoa, ataomba maji, ataanza habari za friji. Mpe maji na ukae palepale, usimsaidie kutafuta maneno. Akisema hakuna aliyekuja, muulize huyo aliyeondoka alikwenda mji gani na ndugu zake ni nani, uanze kutafuta. Akisema alikuja, utakasirika, na una haki ya kukasirika, lakini usinyanyuke hapo kabla hujajua anapatikana wapi. Kama yu hai, ni mwanamke wa makamo anayezidi kuzeeka, na wiki unazozimaliza na daftari ni wiki zake.

Jambo la mwisho, na hapa nakugombeza. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mke wa jitu unamtaja bila shida yoyote, viatu vyake unavijua, aliyoyasema mlangoni unayajua kwa lugha mbili. Lakini ulipofika kwenye mlango wa nyumba yenu wenyewe, ukaandika "mtu". Mtu gani, binti yangu? Jumapili, swali lako lianze na neno mama.