Nilibonyeza "Nakubali" Kabla ya Kusoma

Rhonda, Nakuru
Jumapili, tarehe 14 Juni

Kwa Baba mpendwa,

Leo nakuandikia kila kitu bila kuficha, pamoja na jambo la mwisho ambalo bado sijui nitalisemaje. Lakini kwanza nikuulize: kifua kimepona? Na yule ng'ombe mwekundu aliyekuwa akichechemea, ameanza kutoka na wenzake? Huku mimi na Shangazi tu wazima. Dada yako amenenepa kidogo na amenikataza kukuambia, lakini nimeshaahidi kusema yote.

Likizo iliyopita nilikuambia kwamba Shangazi ameanza kuniachia bisibisi kwenye kibanda chake cha kutengeneza kompyuta. Sasa, Baba, nimeunda kompyuta. Sikuinunua, nimeiunda! Sanduku lilitoka kwenye mashine iliyoungua. Ubao mkuu, ambako vitu vingine vyote huchomekwa, Shangazi aliutoa kwenye rafu yake ya vitu asivyopenda kuuza. Feni ilinguruma kama kinu cha kusaga mahindi mpaka nikaitia mafuta. Kibodi haina herufi ya Q, na Shangazi anasema hakuna neno la Kiswahili litakalolalamika.

Nimeiunda kwa sababu klabu yetu ya kompyuta itapeleka mashine moja kwenye maonyesho ya shule za Nakuru, na aliyeiunda ndiye atakayesimama nayo na kuieleza. Naitaka nafasi hiyo, Baba. Sijawahi kutaka kitu hivi tangu nilipotaka kuja kusoma huku.

Sasa, kompyuta bila mfumo endeshi ni kama trekta bila dereva, ipo tu. Mifumo ni mingi. Kuna wa bure, ambao wenyewe wameruhusu kila mtu autumie. Kuna unaouzwa, na ukishalipa unauweka kwenye mashine uliyoiunda mwenyewe. Halafu kuna mmoja wa kampuni ya ng'ambo inayotengeneza kompyuta zake ghali, na mfumo huo hukaa ndani ya hizo tu. Huo ndio mzuri kuliko yote. Hata ukifunga dirisha, linajifunga kwa adabu. Kevo, fundi wa simu wa kibanda cha jirani, alikuwa na nakala yake kwenye flashi akanipa. Kwa siku kumi na moja mashine iliukataa. Siku ya kumi na mbili ukawaka, na watu wakajaa kibandani.

"Weh, Njeri!" Kevo akapiga kelele. "Umefunga injini ya ndege kwa tuktuk!"

"Tuktuk ya nani?" Shangazi akamjibu. "Si unaona vile inapaa?"

Mwalimu wetu, Madam Achieng, aliilinganisha na mashine ya Chebet, msichana wa darasa letu, akachagua yangu. Kisha akanipa fomu ya maonyesho. Ndani yake kuna mstari unaosema kwamba programu zote zimewekwa kwa njia halali, na chini yake kuna nafasi mbili za sahihi, yangu na ya mzazi.

"Huu mfumo, ulisoma masharti yake?" Madam akaniuliza.

"Nilibonyeza 'Nakubali', Madam."

"Hilo sijauliza."

Baba, nilitamani ardhi ipasuke. Nilikumbuka siku ile ya shamba la kukodi, nikiwa darasa la sita. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, na ukasema hutaweka sahihi mpaka niisome yote na kukueleza. Mwenye shamba alikuwa akitazama saa yake. Wewe ukasema, "Soma tena hapo pa miti." Nikasoma tena: viazi sawa, maharagwe sawa, miti hapana, nawe ukaweka sahihi hivyo hivyo. Na Mama alikuwa ameshaotesha miche ya parachichi kwenye mikebe! Mimi niliyekusomea wewe kila mstari, yangu mwenyewe nilibonyeza bila kusoma hata mmoja.

Jioni hiyo nilianza kuyasoma masharti, na kamusi pembeni. Yalinichukua siku mbili. Nililolitafuta lilikuwa katikati, limeandikwa wazi kabisa: mfumo huo unaruhusiwa kuwekwa kwenye kompyuta zenye jina la kampuni hiyo peke yake. Nikawasomea Shangazi na Kevo.

Shangazi alikasirika kwa niaba yangu. "Kwani hii mashine si yetu, kila skrubu? Nikinunua sufuria, aliyeniuzia atakuja kuniambia nisipike githeri?"

"Sufuria ni yetu, Shangazi," nikamwambia. "Lakini huu mfumo hatukuununua. Na hata tungeununua, wanasema wanatupa ruhusa tu ya kuutumia, na ruhusa yenyewe ina mpaka."

"Sasa nani atajua?" Kevo akauliza. "Watapanda ndege waje Rhonda kukagua kibanda? Wakija waniletee pia mimi kioo cha simu."

Tulicheka sote, hata mimi. Lakini nilimpelekea Madam swali hilo jinsi lilivyo: je, ni kosa la kushtakiwa? Akasema yeye ni mwalimu wa kompyuta, si wakili, na hatajifanya. Anachojua ni kwamba programu ina haki za mwenyewe kama kitabu, na kwamba kukubali masharti kisha kuyavunja ni kuvunja mapatano, hata kama hakuna polisi atakayebisha hodi. Wapo wanaodai kwamba mashine ikiwa yako, masharti ya namna hiyo hayafai kukubana, na alisema hoja yao si ya kipumbavu. "Lakini fomu haikuulizi kama utashikwa," akasema. "Inakuuliza kama ni halali. Ungeandika nini?"

Alhamisi nikaufuta mfumo ule. Shangazi alisimama mlangoni hakutaka kuona, kama mtu anayechinjiwa kuku aliyemlea. Kisha nikaweka ule wa bure, baada ya kusoma masharti yake mwanzo hadi mwisho (Shangazi alisinzia ukurasa wa tatu). Mwanzoni haukutoa sauti, na kila kitu kilionekana kimenyooka kama sare ya shule. Lakini Ijumaa sauti ilikuja, na Baba, mfumo huu unaongea Kiswahili! Ukitaka kuzima, unakuuliza kwa heshima kama una hakika. Shangazi ameupenda kwa hilo peke yake. Siku hizi amekuwa msomaji hatari. Jana mtu alimletea risiti ya spea, akavaa miwani, akasoma mpaka maandishi madogo ya nyuma, na yule mtu amesimama juani.

Kwa kuwa mashine imebadilika, Madam ameniambia haki ni kuzipima upya, yangu na ya Chebet, Jumatatu tarehe 22. Ya Chebet ni nzuri. Sijui nani atachaguliwa. Nimekutumia fomu pamoja na barua hii kwa mkono wa Mzee Njoroge wa lori la kabeji, anayerudi huku Jumamosi. Sahihi yangu nimeshaweka, na kwa leo inasema kweli. Tafadhali usiweke yako kabla ya kuisoma yote.

Nisalimie Mama, mwambie sweta imenitosha na mikono imebaki. Nisalimie Cucu, bibi yangu mpendwa, mwambie binti yake anakula vizuri, ataelewa. Mdogo wangu mwambie asiguse vitabu vyangu, na majirani wote wa huko Ndabibi wanaoniulizia waambie nipo.

Sasa lile jambo la mwisho. Flashi ya Kevo sijamrudishia. Iko kwenye mkebe wangu wa hesabu, chini ya bikari. Kila nikifikiria Jumatatu najiambia kwamba sasa najua njia, itanichukua jioni moja tu, na mashine yangu itakuwa nzuri tena kuliko ya Chebet. Kisha nafunga mkebe. Kesho yake naufungua tena.

Mwenye shamba hakuja kukagua hata mara moja katika miaka ile yote, na wewe ulipita hapo kila asubuhi huku miche ya Mama ikingoja kwenye mikebe. Nijibu nyuma ya fomu, Baba, na uniambie kweli: hukutamani kupanda hata mmoja, na kama ulitamani, ulifanyaje?

Binti yako,
Njeri