Kiptoo, Jana Tulikudunga Sindano

Ndugu yangu mkubwa Kiptoo,

Sijui hii barua niiweke wapi. Nikiipeleka kaburini, pale nyuma ya majani chai, watu watasema wewe hupo huko tena. Nikiisoma kando ya kitanda cha mtoto, Nafula atasema baba mkwe ameanza kuharibika kichwa. Basi nimeandika tu, na Kiswahili changu cha darasa la nne. Wewe uliishia la pili, kwa hivyo usinisahihishe.

Kwanza habari za mazishi yako, maana ulikuwa umelala. Mchungaji alisema ulimwendea Bwana ukitabasamu. Watu wakaitikia amina. Mimi sikuitikia, kwa sababu nilikuwa nawe hospitalini na ninajua hilo tabasamu lilitoka wapi. Msumari tu wa kibanda cha kuuzia majani chai ulikuingia mguuni. Dispensari wakakwambia udungwe sindano, ukawaambia wewe si ng'ombe. Baadaye taya likafunga kama ofisi ya serikali siku ya Jumapili. Kijiko kikianguka, mwili unapinda kama upinde, meno yote nje, unacheka bila kucheka. Pepopunda. Lile tabasamu tulishindwa kulitoa, Kiptoo. Tukafunga sanduku nalo.

Sasa sikia. Kijana wangu Kibet alipata mtoto wa kiume. Kwa kitabu cha kliniki anaitwa Brayan, lakini unawajua wamama wa kwetu. Wakampaka ugoro puani, wakaanza kuita marehemu mmoja mmoja, wakingoja chafya iwaambie ni nani amerudi. Wakamwita baba yetu, kimya. Wakamwita babu, kimya. Hata nikaogopa majina yakiisha wataniita mimi. Halafu wakasema, "Kiptoo." Mtoto akapiga chafya mpaka kofia ikatoka. Ulikuwa hata hujamaliza msimu mmoja huko. Kwani chakula ni kibaya?

Mke wako Rael alilia kwa furaha. Tangu siku hiyo anamwita mtoto "mzee". Anamuuliza kama amelala vizuri. Akipita mbele yake anashusha rinda lifunike magoti. Hiyo ningecheka tu, lakini akatangaza: "Mume wangu alikataa sindano maisha yake yote. Hakuna mtu atamtoboa sasa ati kwa sababu hawezi kuongea." Na Rael akisema kitu katika boma letu, ni nani wa kumjibu?

Nafula, mama ya mtoto? Yeye ni msichana wa laini za kampuni, zile nyumba za wafanyakazi wa chai, wazazi wake walitoka Magharibi kuja kuchuma chai. Huko laini nesi akifika, wamama wanapanga foleni na watoto mgongoni, hakuna anayeuliza ruhusa ya mzee yeyote. Hapa kwetu ameolewa juzi, anaogopa hata kuhamisha sufuria. Na dispensari pia anaiogopa. Bibi ya mwalimu akikosa siku ya kliniki anaambiwa, "Pole madam, keti hapa." Nafula akifika na gambuti za matope miguuni anaulizwa kama alikuwa amelala. Basi tarehe ya kwanza ya sindano ikapita, ya pili ikapita. Nikampigia Kibet, yuko Mulot na lori ya mahindi. "Baba, sikizeni tu Kogo." Kogo, yaani nyanya ya mtoto, ni Rael wako. Mwanamume mzima na ndevu, anaogopa nyanya!

Halafu wewe ukaanza mambo yako. Mbwa wako, ambaye hajawahi kumkubali mtu mwingine, akahamia chini ya kitanda cha mtoto. Ukilala unatabasamu upande mmoja, ule wako, na hakuna mtu amekuchekesha. Asubuhi moja Nafula akaangusha kijiko. Mtoto akakakamaa, mikono nje, mgongo juu. Nafula akasema watoto wote hushtuka hivyo. Ni kweli, nimelea wengi. Lakini macho yalikuwa kwangu, na mdomo ulikuwa ule tuliofungia ndani ya sanduku. Chai ilinimwagikia gotini na sikuisikia.

Jana Rael alienda Chebunyo kumwona dada yake. Nikamwambia Nafula, "Vaa viatu."

"Na Kogo je?"

"Kogo niachie mimi."

Ukungu ulikuwa umelalia majani chai, huoni hata mkono wako. Nyuma yetu kulikuwa na mtu. Hatua moja nzima, moja ya kuburuta, vile ulivyotembea na ule mguu. Tukisimama, naye anasimama. Nafula hakusikia, ama alijifanya hivyo kwa heshima. Mimi sikugeuka. Nilisema tu polepole, "Fuata ukitaka, lakini leo haturudi nyuma." Na mtoto mgongoni mwa mama yake alikuwa ananiangalia, hapepesi.

Kule dispensari nesi akafungua kitabu, akamgeukia Nafula. "Mama, ulikuwa wapi siku hizi zote?"

Nikamwambia, "Daktari, huyo mwache. Mwenye makosa ni huyu mdogo. Ni ndugu yangu mkubwa."

Akaniangalia mimi, akaangalia mtoto, akaandaa sindano. Alisema tu kwamba ndani ya ile sindano ya paja kuna kinga ya pepopunda pia. Nikakushika mguu. Ulikuwa baridi, baridi ya siku ile tulipokuosha. Sindano ikaingia. Ukalia! Kinywa wazi mpaka koo naliona, na mguu ukapata joto mkononi mwangu. Sijawahi kufurahia kelele zako hivyo.

Njia ya kurudi hakuna aliyetufuata.

Jioni Rael akaona paja limevimba kidogo. Mimi nilikuwa nimejipanga karibu na mlango, tayari kukimbia na hii miguu ya uzee. Hakupiga kelele.

"Alilia?"

"Alilia mpaka wagonjwa wakasimama."

Akakuchukua, akaweka kiganja juu ya uvimbe. Kisha akasema, "Ulimshika vibaya. Hiyo ingine nitampeleka mimi. Huyu mzee hunisikiza mimi peke yangu."

Basi mambo ndiyo hayo. Kama bado uko nyuma ya majani chai, lala vizuri, usinifuate tena kwa ukungu, moyo wangu ni wa zamani. Kama uko hapa, nyonya. Nakuahidi sindano zote, hata ya surua, tutakupeleka upende usipende. Safari hii utakufa kwa uzee kama watu wengine, na si mimi nitakayekuzika.

Mdogo wako,
Kimutai