Wimbo Huu ni wa Nani?

Mdogo wangu,

Huku hatujambo, ila gitaa limebaki na nyuzi tano. Nimeegemeza godoro dirishani kuzuia honi, simu nimeisimamisha ndani ya kikombe, na kila asubuhi narekodi chumbani. Zile nyimbo za watu nilizokutumia zilikuwa mazoezi tu. Unajua nilivyowaandama gazetini wanaoishi kwa kurudia nyimbo za wenzao. Niliapa nitatunga wimbo wangu mwenyewe, na nimeutunga.

Sasa nisikilize, maana nimechanganyikiwa. Juzi nikiwa katikati ya kurekodi, Mama aliingia. Huyu Mama asiyenitambua tena, anayeniita fundi na kuniuliza nitamaliza lini niende kwetu. Akaketi kitandani, akauimba wimbo wangu wote, hata pale ninapopandisha sauti.

"Mama, umeujulia wapi?"

"We fundi nawe! Huu si wa siku zote?"

Daktari alisema hawezi tena kushika jambo jipya. Je, alituimbia utotoni, nami ni mwizi kama wale niliowatukana? Au ameushika kupitia ukutani, na daktari hajui kitu? Mimi niliyebishana na dunia nzima, leo nakuomba wewe uamue.

Rekodi ya siku hiyo nimekutumia. Niambie kama uliwahi kuusikia tukiwa wadogo, na usinidanganye kwa kunihurumia. Safari hii sitafuti sifa. Wimbo ukiwa wangu kweli, basi Mama bado anajifunza.

Kaka yako,
Fundi