Zimwi Lenye Kibonyo

Mama mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Kaka ananiambia yamekukaza tena, na kwamba Jumamosi hutaweza kuja kwenye uzinduzi wa sanamu yangu. Pole sana, Mama. Mimi ni mzima, ila nyusi zimeungua kidogo kwa moto wa tanuri, na kwa furaha niliyo nayo hata kukaa kitako siwezi.

Zimwi limekubaliwa! Lile zimwi la shaba, tumbo mbele, jino moja nje, sasa limeketi bustanini kwenye maktaba ya watoto, na halitoki ng'o.

Sikukwambia jinsi roho ilivyokuwa juu. Mkutubi mkuu alinionya mapema kwamba watoto wakilikimbia, sanamu itarudi karakanani na atatafutwa mchongaji mwingine atengeneze sungura. Sungura, Mama! Kazi yangu kubwa ya kwanza, halafu nishindwe na sungura.

Unajua kazi yetu ilivyo. Sanamu unaifinyanga kwanza kwa nta, unaifunika udongo, unaichoma mpaka nta iyeyuke itoke, kisha unamimina shaba palepale nta ilipokuwa. Kosa la kwenye nta litabaki kwenye shaba maisha. Fundi wa tanuri, tunayemwita Polepole, ndiye aliyevunja udongo. Alipofika usoni alicheka mpaka akakaa chini. Akasema hajapata kuona zimwi lenye kibonyo shavuni, tena shavu moja tu.

Jana wakaletwa watoto. Walisimama mlangoni kama waliopigiliwa misumari. Mkutubi akanitazama, nami nikatazama viatu vyangu. Mara kasichana kamoja kakasogea, kakatia kidole kwenye kibonyo, kakatangaza kwamba hili halili mtu, linajizuia kucheka. Basi! Wakalivamia, wengine mapajani, wengine shingoni. Mkutubi mwenyewe akasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, akatia kidole naye. Wote wakausifu mkono wangu.

Sasa Mama, kaa vizuri. Kibonyo kile si changu, ni chako. Siku uliyonitembelea karakanani, zimwi likiwa bado la nta, niliporudi na maziwa ya chai nilikuona kupitia dirishani. Ulilibonyeza shavu kwa kidole gumba kama mtu anayechagua parachichi, likabonyea. Ukajaribu kulisawazisha kwa upindo wa nguo, ukazidi kuharibu, ukaenda kuketi kona ya mbali na uso wa mtu asiyewahi kuona zimwi tangu azaliwe. Toka siku ile hujauliza habari za sanamu, wewe uliyekuwa ukiuliza kila wiki.

Nilishapasha kisu moto ili nizibe kibonyo. Nikalitazama zimwi, nikaona limekuwa zuri kuliko nilivyoliwaza, nikakiweka kisu chini. Nilinyamaza nisikuaibishe, kumbe ukimya wangu ndio uliokukaza magoti. Nisamehe, Mama.

Nisalimie shemeji na majirani wote. Watoto waliniuliza kibonyo nilikitengenezaje, nami nikawaahidi kwamba mwenyewe atakuja Jumamosi na kidole chake, waone kama kinaenea. Wameshaanza kugombania nani atamshika mkono. Kaka atakupitia asubuhi.

Ni mimi kitindamimba wako na, kwa jinsi mambo yalivyo, msaidizi wako wa karakana.