Kikapu Chako cha Asubuhi

Shamba langu limechaguliwa, Mama Rispa! Bwana shamba wa kiwanda anawaleta wakulima wa Kabras yote waje kwangu waone miwa inavyopandwa. Kwangu mimi! Hata salamu nimesahau. Pumzika salama, jirani yangu.

Mdomo wangu unaujua. Habari hii nimeitembeza kutoka kisimani mpaka kanisani. Wanawake wakaniuliza, "Mama Josefu, umetumia nini?" Nikawajibu, "Akili tu. Mama ya Josefu, karani wa mizani kiwandani, atashindwa na miwa?" Wakacheka. Mimi nikarudi nyumbani, nikafunika ugali bila kuula.

Kwa sababu wewe nilisema umetumia dawa ya mganga.

Tangu kiwanda kije, nani alizungumzia mahindi tena? Kila mtu ni miwa, na yako ndiyo ilikuwa inasimamanga vizuri, yangu ina vipara. Na tunapakana! Mvua moja, udongo mmoja. Asubuhi ile nikakuona umeinama na kikapu, unafukua hapa, unafukia pale. Sikuuliza. Nilikimbia kwa majirani: "Yule mjane anazika vitu!" Watu wakaacha kula kwako. Mpaka leo Rispa wako akipika chai ya kikundi chetu cha wanawake, vikombe vinarudi vimejaa.

Na bado ulikuja ukapiga hodi. "Mama Josefu, njoo nikuonyeshe kitu shambani." Nilikaa ndani kimya, nikajifanya sipo. Ulijua nipo. Moshi wa jikoni ulikuwa unatoka.

Tulipokuzika, tukaenda kumsaidia Rispa kupalilia. Nisikudanganye, mimi nilienda kutafuta ile dawa. Jembe likagonga kitu, nikapiga magoti, nikafukua kwa mikono. Kipande cha muwa, kimechipua kidogo tu. Nikaangalia mstari wote. Kila mahali mbegu ilipokufa, wewe ulipandia nyingine. Basi! Mwenzangu, hiyo tu. Mimi yangu ikifa nilikuwa nasonya, nalaumu mvua, halafu nakulaumu wewe.

Nilipopanda upya nikakuiga kimyakimya. Hata mbegu za kujazia alinipa Rispa, na hakuniuliza neno. Mtoto umemlea. Mimi nimelea karani, lakini kwa hilo umenishinda, na leo haliniumi. Linanifundisha.

Sasa sikia. Chai ya siku ya wageni itapikwa na Rispa, na kikombe cha kwanza nitakunywa mimi, mbele ya macho yao wote. Halafu nitasema, kwa mdomo huu huu uliokuchafua, kikapu chako kilikuwa na nini. Naogopa, Mama Rispa. Josefu atainamisha kichwa na tai yake. Lakini nitasema.

Kwaheri, mwalimu wangu niliyemnyima mlango. Nimemwomba bwana shamba wageni waanzie kwako ndipo waje kwangu. Amekubali. Ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi, watu wote.